Moto wa Njano Nyumbani kwa Injinia Sahibu

Rampyari alikuwa fundi wa majiko ya gesi mjini Jabalpur. Kabla ya hapo alikuwa mke wa fundi, kazi ambayo ni ile ile, ila sifa humwendea mtu mwingine. Mumewe Halke ndiye aliyebeba mfuko wa zana, na ndiye ambaye watu walimwita fundi. Wakifika kwenye nyumba ya mteja, Halke aliketi kwenye kiti, akaagiza chai, akaanza kuichambua serikali. Rampyari alichutama sakafuni, akafungua jiko, akasafisha, akafunga, akampa ishara kwa jicho. Hapo Halke aliinuka, akawasha moto, akasema, "Haya, limepona." Kwa miaka kumi na miwili akasifiwa kwa mikono yake myepesi. Na kweli ilikuwa myepesi, maana haikupata kuinua kitu kizito kuliko glasi ya chai.

Mwaka mmoja Halke akaenda Nagpur kununua vipuri, akasema atarudi kabla ya Holi. Sikukuu tano za Holi zikapita, watu wakapakana rangi, wakaoga, wala hapakuwa na Halke wala vipuri. Baada ya ile ya kwanza tu majirani walikuja kumpa Rampyari pole. Akaipokea kwa siku tatu kama adabu inavyotaka, siku ya nne akajitwika mfuko wa zana begani akaingia mitaani.

"Fundi mwenyewe yuko wapi, mama?" waliuliza mlangoni.

"Ndiye huyu."

"Hapana, yule mwanamume."

"Aa, yule wa kunywa chai? Huyo yuko Nagpur. Kama una chai inayotafuta mnywaji, msubiri. Kama una jiko bovu, nipishe."

Wakampisha. Mdomo wake ulikuwa mkali kama msasa, lakini majiko yalipona, na mwanamke mwenye dengu mbichi na wageni sebuleni hachagui mdomo wa fundi. Alipita vichochoroni akinadi kwa sauti iliyowaamsha mbwa: "Majikooo! Moto wa njano, moto wa kukohoa, moto uliosusa! Leteni majikooo!"

Kasoro alikuwa nazo. Alijivuna kupita kiasi, na kila fundi mwingine kwake alikuwa muuza njugu aliyepotea njia. Siku moja katika mwaka wake wa kwanza haraka ilimfanya awashe kiberiti kabla hajanusa, moto ukamlamba uso na kuondoka na nyusi zake zote mbili. Ziliota tena, ya kulia nene, ya kushoto kama mstari wa penseli, na hadi leo akikutazama utadhani ana shaka na kila unachosema. Mara nyingi anayo kweli. Lakini tangu siku ile, kwake yeye kiberiti kikawa mgeni wa mwisho kuitwa.

Sasa, katika mtaa wa Shanti Kunj aliishi Triloki Saxena, mhandisi mstaafu wa mifereji ya maji, ambaye mtaa mzima, kwa heshima na kwa uchovu, ulimwita Injinia Sahibu. Miaka thelathini na minne alikuwa ameyaamuru maji yapite wapi, na maji mengine yalimsikiliza. Baada ya kustaafu hakubaki na cha kuamuru ila mkewe, Vimla, aliyemwita Baba Alok kwa jina la mwana wao, na vyombo vya nyumbani. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mtaa, cheo alichokipata kwa sababu siku ya kupiga kura wenzake wote walikuwa na dharura.

Wiki mbili kabla ya Holi, Vimla alimwita Rampyari kutoka dirishani. Alichungulia barabara kwanza, kulia na kushoto, kama mtu anayenunua pombe ya magendo.

"Ingia upesi, Rampyari. Baba Alok ametoka kutembea. Ana nusu saa, akikutana na mtu wa kumshauri atafika saa nzima."

"Nani anaumwa, dada? Jiko au Baba Alok?"

"Jiko. Huyo mwingine hana dawa."

Vimla akamwonyesha sufuria zake. Vitako vya sufuria zote vilikuwa vyeusi tititi kwa masizi. Kichomeo cha kulia kilitoa moto mrefu wa njano uliotikisika kama kilemba cha mlevi, na cha kushoto kikatoa vimoto vichache dhaifu, kimoja hapa, kimoja pale. Kwa miezi miwili mama yule alikuwa akipika huku anakohoa, akiosha masizi mchana kutwa, naye Alok, mwanawe wa huko Pune, alimwambia kwa simu aende hospitali apime mapafu.

"Baba Alok anasemaje?"

"Anasema kampuni ya gesi inachanganya maji kwenye mtungi. Amewaandikia barua tisa."

Rampyari akafunga regyuleta, ile koki ya mtungi, akasubiri kichomeo kipoe, akalipindua jiko. Kwenye bomba fupi la kichomeo cha kushoto, pale gesi inapokutana na hewa, aliingiza waya, akavuta donge la utando na udongo. Buibui alikuwa amehamia humo, ameoa na kuzaa.

"Mlisafiri?"

"Tulikwenda kuhiji Prayag, wiki tatu."

"Basi huyu alipangisha. Hewa haipiti, gesi haipiti, moto utatoka wapi?" Akasugua vitundu vya kichomeo kwa brashi ya waya, akatoa humo ugali wa dengu na maziwa yaliyofurika na kukauka tangu enzi za bibi. Kisha akafungua nozeli ya upande wa kulia, kile kipua cha shaba chenye tundu jembamba ambamo gesi hupenya. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nyusi ya kulia ikapanda. "Dada, tundu hili linapaswa kupitisha unywele. Hili linapitisha harusi na ngoma yake. Nani kalichokonoa?"

Vimla akatazama dari. "Mtaalamu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sindano ya cherehani yangu. Alisema moto ni mdogo kwa sababu kipenyo ni kidogo. Akachora na mchoro. Ninao, ukitaka kuuona."

"Usinichekeshe, nina nozeli mkononi."

Akaeleza huku akitafuta nozeli mpya mfukoni. Kichomeo kilipoziba uchafu, moto ulipungua. Mtaalamu, badala ya kusafisha, akapanua tundu, sasa gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, ndiyo maana moto ni wa njano na sufuria ni nyeusi. Nozeli iliyochokonolewa haina tiba, hutupwa. Alikuwa anaikaza mpya kwa spana mlango ulipofunguliwa na Injinia Sahibu akaingia na fimbo yake ya matembezi.

"Nani ameruhusu kifaa hiki kifunguliwe?"

"Njaa, Injinia Sahibu," alisema Rampyari bila kuinua kichwa.

"Mama Alok! Nilikwambia jiko liko chini ya uchunguzi!"

"Uchunguzi umekwisha, Baba Alok. Tumemkuta buibui."

Mzee akavuta kiti, akaketi, akaweka fimbo magotini, akaanza kumweleza Rampyari asili ya moto. Alianza mbali, kwenye jua. Rampyari akamwacha. Alikuwa ameishi miaka kumi na miwili na mwanamume anayeongea juu ya kichwa chake wakati yeye anafanya kazi, masikio yake yalijua kujifunga yenyewe. Vimla akaleta chai. Ya mumewe ilikuja kwenye kikombe cha maua, ya Rampyari kwenye glasi ya bati iliyokaa peke yake juu ya ukingo wa dirisha la nje, glasi ya mafundi na wafagiaji, isiyochanganywa na vyombo vya wenye nyumba. Rampyari aliijua glasi ile kwa kila kibonyeo chake. Akainywa chai, maana chai haina kosa.

Alipomaliza kufunga, akafungua regyuleta ili ajaribu, na mkono wake ukasimama hewani. Pua yake ilikuwa imenusa kitu.

"Gesi inavuja."

"Hiyo ni harufu ya mtaro," alisema Injinia Sahibu. "Mama Alok naye amekuwa akilalamika. Nimeshauandikia mji barua kuhusu mtaro."

"Mtaro hauna harufu ya yai viza, Sahibu."

"Basi tuondoe ubishi kisayansi. Kama gesi inavuja, itawaka. Kama haivuji, haitawaka." Akatoa kiberiti mfukoni, akakipeleka chini karibu na mtungi.

Njiti ilikuwa bado haijagusa ubavu wa kiberiti. Rampyari aliupiga ule mkono kofi ambalo lilisikika hadi kwa jirani, kiberiti kikaruka, kikatua ndani ya beseni la mchele ulioroweka. Kwa mkono wa pili akawa ameshafunga regyuleta.

"Umenipiga!" Injinia Sahibu alisema. Alikuwa hajapigwa tangu darasa la nne. "Umempiga mhandisi wa daraja la kwanza!"

"Nimempiga, na ningemkosa sasa hivi angekuwa mhandisi wa dari. Dada, fungua madirisha yote. Na mlango wa uani."

Mzee akageuka kuelekea ukutani, aokoe heshima yake kwa tendo lolote. "Basi niwashe feni, itoe hiyo harufu."

"Usiguse swichi!" Wanawake wote wawili walipiga kelele kwa pamoja, na Vimla mwenyewe alishtuka kwa sauti yake, maana haikupata kutoka kubwa kiasi kile ndani ya nyumba ile. Swichi hutoa cheche, na gesi ya mtungi ni nzito, hujilaza sakafuni kama paka ikisubiri cheche hiyo. Rampyari akachukua ufagio, akafagia hewa kuelekea uani, na wote watatu wakatoka wakakaa nje mpaka harufu ikaisha. Hakuna aliyeongea. Kwa Injinia Sahibu, hilo lilikuwa tukio la kihistoria.

Waliporudi, Rampyari alikoroga povu la sabuni kwenye bakuli, akafungua gesi kidogo, akaupaka mpira wa gesi povu kutoka kwenye mtungi hadi kwenye jiko. Karibu na ukuta povu likaanza kuchemka, viputo vikubwa kwa vidogo, mahali palipoviringishwa utepe mweusi wa umeme. Akafunga gesi, akabandua utepe. Mpira ulikuwa umetafunwa na panya hadi ukafanana na firimbi.

"Na utepe huu?"

Vimla akatazama dari tena.

Injinia Sahibu akainama, akavaa miwani, akautazama mpira kwa muda mrefu. Kisha akanyooka, akasema kwa utulivu mkubwa: "Ndivyo nilivyoshuku."

Rampyari akaweka mpira mpya, akaukaza kwa vibano pande zote mbili, akapaka povu tena. Povu likalala kimya. Akawasha njiti kwanza, ndipo akafungua gesi, na kichomeo kikatoa duara la moto wa bluu, mfupi, uliotulia, wenye mvumo kama wa nyuki walioshiba. Vimla akaweka sufuria, akaipandisha, akachungulia chini yake. Hakuna masizi. Akalia kidogo, akajifanya ni kitunguu, ingawa hapakuwa na kitunguu.

Mpira wa zamani Injinia Sahibu aliuomba, "kwa ajili ya kumbukumbu." Kumbukumbu gani, Rampyari alikuja kuijua Jumapili.

Jumapili hiyo kamati ya usalama ilisimamisha turubai uwanjani na kufanya Siku ya Jiko Salama. Mgeni wa heshima alikuwa diwani, mtu mnene aliyefika akiwa amechelewa na kuvishwa shada la maua kabla hajaketi. Mnenaji mkuu, na kwa kweli pekee, alikuwa Injinia Sahibu. Wanawake wa mtaa walijaza viti vya nyuma, wanaume waliojua tu mahali jiko lilipo walikaa mbele. Rampyari naye alialikwa, alete jiko la maonyesho na kulipangusa. Akalipangusa, akaenda kukaa nyuma.

Injinia Sahibu akainua ule mpira uliotafunwa. "Ndugu zangu, huu niliukuta katika nyumba moja ya mtaa huu, sitaitaja. Nilimkuta fundi mmoja, mwanamke asiye na elimu, masikini, anataka kutafuta uvujaji kwa kiberiti! Kwa kiberiti, ndugu zangu! Kama nisingemgonga mkono kile kiberiti kikaanguka, leo tungekuwa matangani."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wakageuka kumtazama Rampyari. Yeye alikaa kama gogo, lakini masikio yalikuwa ya moto. Aliibiwa miaka kumi na miwili na mumewe, akazoea. Lakini Halke angalau aliiba sifa tu, hakuwahi kumwachia ujinga wake kama malipo.

"Endelea, Injinia Sahibu," akasema Rampyari. "Tunajifunza."

Injinia Sahibu akaendelea. Akasogea kwenye jiko la maonyesho, akaondoa kifuniko cha kichomeo aonyeshe kilivyo, akakirudisha kimekaa upande. Akafungua gesi. Kisha akakumbuka nukta moja muhimu kuhusu mifereji ya maji, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Baba Alok," Vimla alisema kutoka mstari wa mbele, alikoketishwa kama mke wa mnenaji. "Gesi."

"Maswali mwishoni, Mama Alok."

"Si swali. Gesi iko wazi."

"Nimesema mwishoni!"

Rampyari alishasimama. "Funga! Funga kwanza!" alipiga kelele akipenya kati ya viti, lakini Injinia Sahibu, akiwa na njiti tayari mkononi, aliinama kwa madaha na kuiwasha.

Gesi ilisema *puu!* Mpira wa moto ukaruka, ukawa mkubwa kama tikiti, ukapotea. Pale palikuwa nje, upepo ulikuwa umechukua sehemu kubwa, hakuna aliyeumia. Lakini nusu ya masharubu ya Injinia Sahibu ilikwenda na upepo huo huo, naye mwenyewe aliruka nyuma akatua mapajani kwa diwani, akamshika shingo pamoja na shada lake la maua. Walikaa hivyo kitambo, kama mtoto na mlezi.

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Hakikuwa cha adabu. Kilikuwa cha wanawake waliosugua masizi miaka mingi huku wakielezwa sababu.

Vimla akapanda jukwaani. Akafunga gesi, akangoja, akakaza macho, akakikalisha kifuniko sawasawa mpaka kikatulia. Akawasha njiti, kisha akafungua gesi. Moto wa bluu. Akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili kana kwamba ni kuku anayetaka kukimbia.

"Nyumba ile ni yangu," akasema. "Kiberiti kilikuwa cha mume wangu. Kofi lilikuwa la Rampyari. Rampyari, njoo uwaambie mwenyewe."

Rampyari akaja. Akakitazama kipaza sauti, nacho kikamtazama. Akafungua mdomo, na kwa hofu mdomo ukatoa kile tu ulichokizoea: "Majikooo! Moto wa njano, moto wa kukohoa!"

Turubai likataka kupasuka kwa vicheko, na safari hii walimcheka yeye. Alikasirika, na hasira ikamrudishia akili. Akaacha kipaza sauti, akachutama kando ya jiko kama alivyochutama siku zote, akaanza kusema nao kutoka hapo chini. Njiti kwanza, gesi baadaye. Povu la sabuni, si kiberiti. Moto wa njano, safisha. Moto ukiruka juu na kuunguruma, hewa imezidi, mwite fundi aipunguze. Mpira una tarehe iliyochapwa ubavuni, isomeni kabla panya hajaila. Nozeli msiichokonoe kwa kitu chochote, "hata kama aliyeshika sindano ana shahada." Wanawake wakasogeza viti. Wengine wakachutama naye.

Mwisho wa sherehe diwani alimvisha Injinia Sahibu shali ya heshima na kumpa nazi, kama desturi ilivyo, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshachapwa kwenye ratiba. Kwenye picha iliyotoka gazetini wanaonekana wote wawili. Mkono unaoonekana pembeni umeshika brashi ya waya ni wa Rampyari, hadi kwenye kiwiko.

Lakini wiki ile aliitwa nyumba kumi na tisa, na kwenye kumi na moja mwenye nyumba alimpokea kwa maneno yale yale: "Mume wangu naye amelifanyia uhandisi." Vimla alimwita tena, safari hii amfundishe kufungua kichomeo mwenyewe. Walichutama pamoja asubuhi nzima, wakacheka hadi mbavu zikauma. Chai ikaja, na ya Rampyari ilikuja kwenye glasi ile ile ya bati. Vimla hakufikiria jambo hilo, na Rampyari alilifikiria lakini hakusema. Jioni hasira yake ikamwangukia, kwa maneno makali, mtu mwingine asiyehusika.

Mtu huyo alikuwa Gomti, mke wa mwanawe. Gomti alikuwa msichana mpole wa kutoka Katni ambaye kwa miaka minne hakupata kumjibu mama mkwe wake. Siku ya Holi wanawake sita wa Shanti Kunj walikuja kumpaka Rampyari rangi na kumwomba awaonyeshe jiko la fundi linavyokaa. Gomti akawafungulia jikoni. Jiko lilikuwa na jicho moja zima, la pili limezibwa na sahani, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na kishikizo cha kuwashia kilizungushwa kwa koleo.

"Mganga hajigangi," alisema mmoja wao, wakaondoka wakicheka.

Rampyari alimgeukia Gomti, uso wote wa waridi na kijani. "Kwa nini hukuniambia limeharibika?"

"Nilikwambia kwenye sikukuu ya Diwali, mama. Ukasema mimi ndiye sijui kupika. Nilikwambia tena mwaka mpya. Ukasema jiko halina kosa, kosa ni la mikono ya Katni." Akaweka mfuko wa zana mbele ya mama mkwe wake, na bakuli. "Povu nimeshakoroga."

Nyusi zote mbili za Rampyari zilipanda, jambo lisilowahi kuonekana. Alitafuta neno, la kukata, na alikuwa nayo mengi. Kisha akafunga regyuleta, akachutama, akaanza kukifungua kichomeo. Gomti akachutama upande wa pili, akashika taa, na kila mama mkwe alipokaza kitu, alikipaka povu na kukitazama kwa makini, kama mtu mwenye shaka.